Datsun 240Z yangu yazima kila jioni foleni ya feri Likoni. Miaka sita ya kuifufua, ubongo umechemka

#1 MtongweZ
Salaam wakuu. Nitajaribu kufupisha.

Gari ni Datsun 240Z ya 1972, lilikuwa la babu. Lililala kibanda cha makuti Mtongwe tangu niko darasa la pili, kuku wakitagia kiti cha abiria. 2018 nikaanza kulifufua. Sakafu yote nimekata nikatia bati jipya, injini imefunguliwa mpaka kranki, pistoni mpya, ringi mpya, kabureta zote mbili zimeoshwa, rangi nimerudisha ileile ya machungwa. Mwaka jana mwezi wa kumi na moja likaingia barabarani.

Asubuhi naenda nalo kazini mjini. Lavuma kama nyuki, feri navuka bila neno. Jioni nikirudi, foleni ya kuingia feri, dakika kumi au kumi na tano, laanza kukohoa kisha kimya. Nikipiga stata inazunguka vizuri tu, lakini haliwaki. Nikikaa dakika ishirini, nikanunua dafu nikanywa, nikirudi lawaka mara moja kana kwamba halikufanya kitu.

Wiki haipiti bila mara tatu, na ni pale tu. Nyali naenda, Mtwapa naenda na kurudi, halizimi. Mafundi watatu wamenipa majibu matatu. Juzi kijana mmoja wa pale kivukoni ameniuliza, "Leo wazima saa ngapi?"

Swali la kwanza: ni nini hii? La pili, kwa waliowahi kufufua gari la zamani: mtu huanza kufurahia lini?

#2 Mkata_Tiketi
Jini la Kilindini hilo. Wale kuku uliowafukuza kwenye kiti walikuwa na mwenyewe. Natandika mkeka hapa.

#3 Fundi_Makupa
Kijana wangu, pole. Hilo ni joto, usiende mbali.

Injini hiyo ya L24, kabureta na egzosi ziko upande mmoja wa hedi. Kabureta juu, mabomba ya moto chini yake, sufuria na jiko. Gari likitembea, upepo unapoza. Likisimama foleni saa kumi na moja jioni, jua la mwezi huu, lami nayo yarudisha joto, petroli iliyo kwenye vibakuli vya kabureta inachemka. Si methali, inachemka kweli. Fungua boneti utege sikio, utaisikia kama chai ya tangawizi. Injini inapata povu badala ya petroli, inazima. Dakika ishirini za dafu zako, joto limeshuka, petroli imekuwa petroli tena.

Kiwandani waliweka bati la kukinga joto kati ya egzosi na kabureta. Lako lipo? Na lile bomba jembamba la kurudisha petroli kwenye tangi, hamkuliziba? Mafundi wengi hulitupa bati wakasema lawazuia mkono, na lile bomba huligongomea boliti mdomoni.

Jaribio: likizima tu, lowesha tambara maji baridi, funga pampu ya petroli na bomba lake. Likiwaka kabla dafu halijaisha, umepata jibu.

#4 Pointi_na_Plagi
Kwa heshima zote mzee Fundi_Makupa, mimi nasema umeme. Stata yazunguka, gari haliwaki, likipoa lawaka. Hiyo ni kondensa, kile kikopo kidogo cha umeme kilicho kwenye distributa. Kondensa ikianza kufa hufanya hivyohivyo: ikiwa baridi iko sawa, ikipata moto yavuja, cheche inakuwa nyekundu dhaifu badala ya buluu. Na usiniambie umeweka mpya. Za siku hizi nyingi zinakufa kabla ya zile za zamani ulizozitupa.

Maswali mawili. Moja, nani alifanya wairingi? Mbili, ile rezista ya kauri iliyo kabla ya koili ya cheche, kipande cheupe kama chaki, ipo? Koili ya gari hilo haikutengenezewa kunywa volti 12 mfululizo. Rezista ikirukwa, koili inapikwa polepole.

Jaribio langu halihitaji tambara. Likizima, tazama mshale wa RPM, ile saa ya mizunguko ya injini. Mshale ukianguka ghafla mpaka sifuri na injini bado inajizungusha, umeme umekatika. Ukishuka taratibu pamoja na injini, nenda kwa mzee, ni petroli.

#5 MtongweZ
Mzee Fundi_Makupa: bati la kukinga joto halipo. Lilikuwa limeoza, tukasema tutachonga jingine, tukasahau. Bomba la kurudisha lipo wazi, nilipuliza mwenyewe.

Pointi_na_Plagi: fundi wa umeme aliitoa rezista akaniambia "hii haina kazi", akanitia mkononi. Iko kwenye droo ya jikoni pamoja na vijiko.

#6 Pointi_na_Plagi
Pamoja na vijiko.

#7 Fundi_Makupa
Na bati pia halipo, kwa hiyo usicheke sana. Sote wawili tuna mgonjwa.

#8 Mzee_Baraza
Assalam aleikum. Mumenikumbusha mbali.

Zamani huku pwani Pasaka ilikuwa ni Safari Rally, yale mashindano ya magari. Mashindano yalipokuwa yakishuka hadi Mombasa, tulikuwa tukitoka usiku na thermosi ya kahawa, twakaa kando ya barabara ya Mariakani kungoja taa. Gari hilo la kijana lilitwaa Safari 1970, 1971 na 1973. Hakuna gari la Kizungu lililoweza kulifuata vumbi.

Tena nawaambia, tatizo si petroli wala umeme. Ni hewa ya chumvi. Gari la pwani hulali nalo likapona. Marehemu ami yangu alikuwa na gari lake la michezo, kila mwaka kabla ya kusi alilipaka sifa chini kote, mafuta haya haya ya papa yapakwayo majahazi. Halikuota kutu miaka kumi na minane.

#9 Mdigo_wa_Tanga
Mzee wangu shikamoo. Kidogo tu kwenye historia: 1970 ilishinda Datsun 1600 SSS. Dereva ni huyohuyo Edgar Herrmann, ndiyo maana watu huchanganya. 240Z ilishinda 1971 kwa Herrmann na 1973 kwa Shekhar Mehta. Mwaka wa katikati, 1972, alichukua Hannu Mikkola na Ford Escort, kwa hiyo Wazungu walilifuata vumbi vizuri tu.

Na 1973 ilikuwa karibu sana. Mehta na Harry Källström walimaliza na pointi sawa za adhabu. Mehta akapewa kwa sababu alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu.

Sasa kwa mkuu mwenye uzi: mmesahau tangi. Umesema sakafu ilikuwa imeoza na kuku walikuwa ndani. Tangi ulifungua?

#10 Mzee_Baraza
Marahaba mwanangu. Umri. 1600 SSS, kweli, lilikuwa na taa nne mbele. Lakini sifa siondoi.

#11 BintiTudor
Mzee Baraza nimecheka peke yangu. Marehemu baba aliwahi kusikia hiyo ya sifa akapaka ndani ya milango ya MGB yake, kigari cha Kiingereza kisicho na paa. Mama hakupanda gari lile mwaka mzima. Paka wa Tudor wote walikuwa wakilala chini yake.

MtongweZ, nikujibu swali la pili maana la kwanza lina mafundi.

MGB ya baba (ya 1967) nimeifufua mimi, na kosa kubwa lilifanyika mwezi wa kwanza. Yale mabati yaliyo chini ya milango yalikuwa yameoza. MGB haina chesisi ya peke yake, wala juu haina paa la kuishika. Nguvu yake yote iko kwenye mabati yale. Fundi wa bodi akaliweka gari juu ya mawe, pua upande huu na buti upande ule, akakata kulia na kushoto siku moja, bila kuweka mhimili wowote kwenye nafasi ya mlango. Mimi niko kazini. Nilirudi saa kumi. Gari limeinama katikati kama dau lililovunjika mkuku. Mlango wa dereva nimeurudisha, juu unabana, chini pengo la vidole viwili.

Fundi akaniambia, "Dada, hiyo puti itaziba."

Nilikaa juu ya tairi nikalia. Kisha nikanunua vyuma vya pembe nne, tukalinyanyua kwa jeki katikati milimita kwa milimita, tukapima pengo la mlango kwa kadibodi niliyokata mwenyewe. Wiki tatu. Siku mlango ulipojifunga kwa sauti ile, "tup", bila kuusukuma, nilifungua na kufunga mpaka jirani akatoka kuuliza kama kuna mgeni.

Kwa hiyo jibu ni hilo, mlango kufunga. Kuendesha bado sijafurahia sana, ndani kuna moto kama tanuri na petroli yanuka.

#12 Chizi_JZ
Boss, mbona unateseka? Toa hiyo injini, tia 1JZ, injini ya Toyota ya ex-Japan, na gia boksi yake, wairingi ya kisasa, sindano badala ya kabureta. Foleni utakaa hata saa tatu na AC. Mimi niko Nairobi, nimeona ikifanywa. Gari la zamani ni sura, moyo unabadilisha.

#13 Fundi_Makupa
Mtu huyu nani kamfungulia mlango?

#14 Mdigo_wa_Tanga
Mkuu Chizi_JZ, ukibadilisha moyo, miguu, mishipa na ubongo, unabaki unaendesha picha.

#15 BintiTudor
Mimi simlaumu. Kila mtu na raha yake. Ila akishaweka 1JZ asije hapa kuuliza kwa nini difu imelia.

#16 Fundi_Makupa
Kama kuna mtu ataka nguvu zaidi bila kuharibu ukoo: L28. Ni ndugu wa L24, yakaa pahali palepale. L24 pistoni ni milimita 83, L28 ni 86, na kranki inapanda zaidi, ndiyo yapata lita 2.8 badala ya 2.4. Baadhi ya Nissan Patrol za zamani za petroli zilikuwa na L28. Mimi nimewahi kutoa moja kwenye Patrol iliyokufa Mariakani, gasketi tu na kuosha. Siku hizi skrepa wamezimaliza, wanauza kwa kilo.

Kijana, umefanya jaribio la tambara?

#17 MtongweZ
Jana limezima saa kumi na moja na robo. Nilikuwa na tambara na chupa ya maji tayari, kama mtu aliyekuja kuosha maiti. Nikafunga pampu. Dakika saba likawaka.

Mshale wa RPM nilisahau kutazama kwa sababu ya tambara.

Mdigo_wa_Tanga: tangi nililitoa, nikatia kokoto na mnyororo wa baiskeli nikalitikisa na rafiki yangu mchana kutwa, tukamwaga. Lilitoka tope la kahawia. Mara tatu. Halafu tukaona yatosha.

#18 Fundi_Makupa
Dakika saba. Haya. Namshukuru Mungu.

#19 Pointi_na_Plagi
Dakika saba bila tambara ingekuwa ngapi? Jana kulikuwa na mawingu. Na koili nayo ilikuwa inapoa dakika hizohizo saba. Jaribio moja halina shahidi.

#20 Mdigo_wa_Tanga
"Tukaona yatosha" ndiyo sentensi iliyovunja gari nyingi kuliko ajali.

Nisikilizeni. Kutu ndani ya tangi haitoki kwa mnyororo wa baiskeli peke yake. Inabaki imeshika pembeni, inajitenga vipande vidogo. Pampu ikivuta, vipande vinakwenda kukaa kwenye mdomo wa bomba kama majani kwenye mfereji wa mvua. Injini inakosa petroli, inazima. Pampu ikiacha kuvuta, taratibu vipande vinaanguka chini, baada ya dakika kadhaa njia iko wazi. Hapo unasema "limepoa". Halikupoa, limetema.

Na kwa nini Likoni tu? Pale kivukoni ni mteremko. Pua chini, petroli yote inakimbilia mbele ya tangi na uchafu pamoja nayo. Nauliza: jioni geji huwa inasoma ngapi?

#21 MtongweZ
Robo. Wakati mwingine chini ya robo. Natia asubuhi ya elfu moja.

#22 Mdigo_wa_Tanga
Naishia hapo, mheshimiwa hakimu.

#23 Mkata_Tiketi
Mpaka sasa: chai ya tangawizi, vijiko, majani ya mfereji, mafuta ya papa. Jini langu bado halijapata wakili.

#24 Seremala_wa_Mtwapa
Mimi si fundi wa magari, natengeneza madau ya kuvulia na fremu za milango, lakini nilikuwa na Datsun 1200 ya kubebea mbao. Ilikuwa ikizima hivihivi. Mzee mmoja akaniambia nibane vibanio vya nguo vya mbao kwenye bomba la petroli, kumi na viwili, kutoka pampu mpaka kabureta. Nikabana. Haikuzima tena mpaka nilipoiuza. Mke wangu alikuwa akianika nguo kwa mawe.

#25 Pointi_na_Plagi
Vibanio vya nguo. Mbao haipitishi joto, sasa itapozaje bomba? Labda inazuia kupoa.

#26 Seremala_wa_Mtwapa
Sijui inavyofanya. Nakwambia ilivyofanya.

#27 Fundi_Makupa
Hata mimi nimeona vikifanya kazi, na nimeona visifanye. Zamani kila gari la safari ya Voi lilikuwa navyo.

#28 Karani_Bondeni
Nimesoma tangu juu. Swali la pembeni, samahani MtongweZ. Umesema gari lilikuwa la babu. Logibuku ina jina la nani?

#29 MtongweZ
La babu bado. Alifariki 2003.

#30 Karani_Bondeni
Baba yako yuko hai?

#31 MtongweZ
Yuko, alhamdulillahi. Ndiye aliyenipa gari.

#32 Karani_Bondeni
Babu alimwacha nani? Mke, watoto wangapi?

#33 MtongweZ
Bibi, baba na ami yangu, na mashangazi watatu. Wote wako. Kwani?

#34 Karani_Bondeni
Kwani babu alipofariki gari liliingia kwenye mirathi. Kama ni Waislamu na hakuna aliyegawa, hesabu ni hii: bibi ana thumuni. Kinachobaki, mwanamume kwa mafungu mawili, mwanamke fungu moja. Wanaume wawili ni mafungu manne, wanawake watatu ni matatu, jumla saba. Inakaa sawasawa kama sahani: gari ni sehemu nane. Bibi moja, kila shangazi moja, ami mbili, baba mbili.

Wewe huna. Baba yako alikupa robo ya gari.

#35 Mkata_Tiketi
Magurudumu manne, sehemu nane. Kila shangazi ana nusu ya gurudumu. Baba amekupa gurudumu moja nzima, chagua lipi.

#36 BintiTudor
Jamani msimuue.

Lakini ni kweli, MtongweZ. Ya baba yangu tulikaa ndugu wanne kwa Kadhi kabla sijakata bati hata moja, nikanunua mafungu yao. Ilikuwa rahisi kwa sababu wakati ule gari lilikuwa takataka. Lako sasa lina bei.

#37 MtongweZ
Sehemu hii sikuitaka. Nimetia pesa zangu miaka sita. Lilikuwa banda la kuku!

#38 Karani_Bondeni
Ndiyo mjadala ulipo. Kuna atakayesema gharama zako ni deni juu ya warithi, wakulipe ndipo wagawane. Kuna atakayesema uliitumia mali ya watu bila idhini, na uliyoyatia umetoa sadaka. Nenda ukaulize kwa wanaojua kabla shangazi hajauliza kwanza.

#39 Mzee_Baraza
Mkae kitako kwa bibi, mutie kahawa na haluwa, muyamalize nyumbani. Bibi akisema "mwacheni mjukuu wangu" hakuna shangazi atakayefungua mdomo. Mashangazi wa siku zetu lakini. Wa siku hizi sijui.

Na bibi mpakie kwanza, azunguke Mama Ngina jioni moja, ala mihogo. Ndipo uzungumze.

#40 Chizi_JZ
Na likizima naye ndani?

#41 Mzee_Baraza
Likizima naye ndani utakuwa umekwisha.

#42 Fundi_Makupa
Turudini kwenye chuma. Kijana, umetuambia yaliyokushinda tu. Pini za nyuma zile za kushikilia mikono ya chini, ulizitoaje? Nimeona watu wazima wakihama mji kwa sababu ya pini zile.

#43 MtongweZ
Ahsante kwa kuuliza, mzee. Kidogo moyo umetulia.

Kwa wasiojua: nyuma ya 240Z, kila upande kuna pini moja ndefu imepita kwenye mkono wa chini na kwenye kitako cha gurudumu. Inashikiliwa katikati na kijipini cha kufungia. Miaka thelathini ya chumvi, vyote vimekuwa chuma kimoja. Upande wa kulia ulitoka kwa nyundo, nikajiona bingwa. Wa kushoto, siku ya kwanza mafuta ya taa na nyundo. Siku ya pili moto wa gesi mpaka bushi zikawaka, nikazima kwa ndoo ya mchanga. Siku ya tatu nikapakia mkono mzima kwenye tuktuk mpaka Shimanzi kwa jamaa mwenye presi. Akaweka, akasukuma mpini. Hakuna kitu. Akaongeza. Presi yenyewe ikaanza kulia. Akaniambia, "Simama nyuma ya mlango." Nikasimama nyuma ya mlango, na yeye akasimama nyuma yangu, anasukuma kwa bomba refu.

Ilitoka na mlio kama bunduki. Kila mtu kwenye yadi alilala chini. Pini ilikuwa haijapinda hata kidogo, katikati bado inang'aa, ina grisi ya kiwandani. Nimeiweka kwenye kabati la vyombo. Mke wangu ameivisha kitambaa.

Huyo jamaa alinikatalia pesa. Alisema hiyo ameona bure.

#44 Fundi_Makupa
Hapo sasa.

#45 Pointi_na_Plagi
Pini nzuri. Mimi nina skrubu. Wenye magari ya Kijapani ya zamani, zile skrubu za msalaba si sawa na bisibisi zenu za dukani. Msalaba wa Kijapani una pembe zake. Ukitumia bisibisi ya kawaida inapanda na kula kichwa, halafu watu wanasema skrubu imeoza. Mimi niliharibu skrubu zote nne za vifuniko vya kabureta kabla ya kuambiwa.

Na jingine kwa MtongweZ, maana nimelala nalifikiria gari lako. Kwenye 240Z, waya unaolisha koili unapita kwanza nyuma ya saa ya RPM pale dashibodi. Maungio ya pale yakilegea, injini inazima. Dashibodi yako imekaa juani kutwa kazini, halafu foleni. Plastiki imelainika, waya umeachia. Usiku na asubuhi umeshika.

#46 Fundi_Makupa
Wiki iliyopita ilikuwa kondensa. Halafu koili. Sasa saa.

#47 Pointi_na_Plagi
Zote ni umeme, mzee. Sijahama nyumba, nimehama chumba.

#48 MtongweZ
Ripoti ya wiki. Jumamosi nimefanya haya: nimerudisha rezista kutoka kwenye droo, kondensa mpya, bati la joto nimechongewa la alumini Kongowea, chujio jipya la petroli, na nimejaza tangi mpaka juu. Jumatatu mpaka Alhamisi halijazima. Siku nne!

#49 Mdigo_wa_Tanga
Umejaza tangi. Nilisema.

#50 Fundi_Makupa
Bati. Nilisema tangu posti ya tatu.

#51 Pointi_na_Plagi
Rezista NA kondensa. Lakini ndugu yangu, umebadilisha vitu vitano siku moja. Sasa nani atajua?

#52 Seremala_wa_Mtwapa
Vibanio hukuweka?

#53 MtongweZ
Viwili tu. Kwa heshima yako.

#54 Seremala_wa_Mtwapa
Basi.

#55 Karani_Bondeni
Na bibi?

#56 MtongweZ
Nilimpakia Jumatano, Mama Ngina na kurudi. Alikaa kwenye kiti kile cha kuku. Hakusema neno njia nzima, mkono umeshika ule mkanda wa mlango. Tulipofika nyumbani akasema babu alikuwa akiendesha kwa kasi zaidi. Kisha akasema shangazi yangu mkubwa alipiga simu, kaona picha ya gari mtandaoni.

#57 Mkata_Tiketi
Nusu gurudumu limeshtuka.

#58 Mzee_Baraza
Haluwa, mwanangu. Haluwa kilo mbili.

#59 MtongweZ
Wakuu niko foleni sasa hivi. Ijumaa, saa kumi na moja na dakika ishirini. Limezima. Tangi limo nusu. Mshale wa RPM umeshuka, lakini sikuona kama ni ghafla au taratibu, boda ilikuwa imenipigia honi. Nifungue kipi kwanza?

#60 Fundi_Makupa
Boneti! Tega sikio kwenye kabureta ya nyuma!

#61 Pointi_na_Plagi
Shika koili. Kwa ncha ya kidole, polepole.

#62 Mdigo_wa_Tanga
Kifuniko cha tangi! Legeza usikie kama linafyonza. Likifyonza basi kitundu cha hewa kimeziba, na hilo hatujalizungumza kabisa.

#63 Seremala_wa_Mtwapa
Viwili havitoshi.

#64 MtongweZ
Nimefungua vyote. Kabureta yachemka, koili imenichoma kidole, na kifuniko kimefanya "fyuuu".

Jamaa wa kivukoni ananiashiria nisogee kando. Muuza madafu ameshachagua langu. Narudi.